Tulivyofika Lindi Bila Kutoka Nyakato

Walimu wenzangu mliobaki kazini mmeniomba niandike kitu kabla sijazama kabisa kwenye shamba langu la mihogo. Vyeo vyangu mtavikuta kwenye jalada ofisini, na mshahara wangu mnaujua kwa sababu ni uleule mnaoulalamikia. Mimi nitawaandikia habari za chumba kimoja chenye giza, kwa kuwa ndicho kilichonifanya nibaki mwalimu wakati wenzangu wengi walikuwa wanaacha chaki na kwenda kufungua maduka.

Mwanza hatuna upungufu wa mawe. Mtoto wa hapa anajifunza kutembea juu ya jiwe, na mama yake anaanika dagaa juu ya jiwe. Lakini mawe yetu yalitokana na moto wa chini ya ardhi, na jiwe la moto halibaki na alama ya kiumbe chochote. Visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, vinakaa kwenye mawe yaliyotokana na tope na mchanga, na yale niliyotakiwa kuyafundisha yalikuwa mbali kabisa, pwani ya kusini. Siku yangu ya kwanza na somo hilo, miaka ya tisini ikiwa bado michanga, katika shule mpya ya sekondari ya wazazi pale Nyakato, nilichora ubaoni gamba la kiumbe wa baharini aliyejikunja kama pembe ya kondoo dume. Darasa likanakili. Nilipopita kukagua madaftari nikakuta nusu yao wamechora chapati iliyoviringishwa. Sikuwalaumu. Hata mimi nilikuwa sijawahi kushika kisukuku, na mchoro wangu, tukisema ukweli, ulikuwa chapati.

Nilikuwa na rafiki niliyesoma naye chuo cha ualimu, Asha, ambaye alipangiwa kufundisha Lindi, kwao. Nikamwandikia kumlilia shida. Miezi ikapita nikaamini amenipuuza, kumbe mwenzangu alikuwa anazunguka ufukweni na kwenye vilima vya nyuma yake na kamera ya kaka yake. Kifurushi kilipofika kilikuwa na picha za slaidi, zile ndogo za kuangaza kwa taa hadi ukutani, pamoja na kanda ya kaseti. Kwenye kanda Asha anaongea taratibu, nyuma yake mawimbi yanapiga: "Haya wanangu, shukeni polepole, jiwe hili linateleza. Mwenzenu jana kaanguka, na huyo mwenzenu ni mimi." Kando ya kila kisukuku alichopiga picha alikuwa ameweka kandambili yake ya bluu. Nilidhani ni uzembe. Baadaye nilijua ni akili.

Picha tulikuwa nazo, mashine ya kuziangaza hatuna. Aliyeitafuta ni Mzee Magesa, fundi wa maabara yetu, mtu wa Mara kama mimi. Mkumbuke miaka ile milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, na mitumba ya kila namna ilimwagwa sokoni, hadi makoti mazito ya watu wasiolijua jua la Mwanza. Mzee Magesa aliiona projekta kwenye mnada ikiwa imelaliwa na mapasi mabovu. Akauliza kwa unyonge kama kile kidude kinaweza kukaanga mayai. Muuzaji naye hakujua, akamwachia kwa bei ya kikaango.

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Slaidi inashikwa pembeni, kidole kikigusa katikati umeiharibu. Taa ikizimwa, feni iachwe inazunguka mpaka mashine ipoe, na isihamishwe ikiwa ya moto. "Mwanangu," aliniambia, "taa hii ni kama mtu aliyetoka kukimbia. Ukimkalisha ghafla anazimia." Na mgao wa umeme ulipotushika, ambao ulitushika mara nyingi, hakukubali safari ivunjike. Alitoboa tundu kwenye dirisha la bohari tuliyopewa iwe chumba cha picha, akaleta kioo kikubwa cha kabati la mkewe, akakisimamisha uani kikinge jua na kulirusha ndani kupitia tundu lile hadi mgongoni mwa projekta. Picha ilififia kidogo, lakini Lindi ilionekana. Mwanafunzi mmoja alikaa nje akigeuza kioo kulifuata jua. Mke wa Mzee Magesa hakuwahi kunisamehe, na ninamwelewa.

Kwa safari ya kwanza niliwaambia kidato cha tatu waje wamejiandaa kama watu wanaokwenda kushinda ufukweni siku nzima, maana nilitaka wazoee kupanga kazi ya nje hata kama nje yenyewe iko ukutani. Wakaja na kofia, viazi vitamu, kalamu na kamba za kupimia. Hakuna hata mmoja aliyebeba maji.

"Mtakunywa nini?" nikauliza.

Deusi, kijana ambaye mama yake alikuwa na jiko la kukaanga samaki karibu na viwanda, alinitazama kwa huruma. "Mwalimu, si tunakwenda baharini? Maji si yako hukohuko?"

Darasa zima likatikisa kichwa kukubali. Watoto wa ziwa! Vitabu vyote walivyosoma viliwaambia bahari ina chumvi, wakajibu hivyo kwenye mitihani na kupata vema, lakini hakuna aliyewahi kulipeleka jibu hilo mdomoni. Nikaagiza ndoo ya maji, nikamwaga chumvi ya jikoni kwa ukarimu, nikawaonjesha mmoja mmoja. Walitema mpaka mlangoni. Tangu siku hiyo niliacha kuanzia safari pale kitabu kinapoanzia.

Kosa la pili lilikuwa langu na la ukuta kwa pamoja. Baada ya kuona lile gamba la kujikunja likijaa ukuta mzima, niliwauliza lina ukubwa gani. Mmoja akasema tairi la trekta. Mwingine, kwa kujiamini, akasema ni nyumba ya bibi yake kule Kisesa. Hapo ndipo nikaielewa kandambili ya Asha. Nikaweka sheria: kila tukitoka gizani tunakwenda uani, na kila tulichokiona kinachorwa chini kwa majivu kwa ukubwa wake halisi, tukikipima kwa ile kandambili ya pichani. Gamba likawa dogo kuliko sahani. Watoto walinuna kana kwamba nimewaibia. Lakini tulipofika kwenye mfupa wa paja la mjusi mkubwa wa kale, mmoja wa wale wanaochimbwa vilimani huko kusini, majivu yalikwenda, yakaenda, na Kabula alipolala chali kando ya mchoro, mfupa ulimpita kimo. Kabula alikuwa msichana mkimya aliyekuwa akitoka Kisesa kila asubuhi, mwenye tabia ya kuuliza swali moja kwa juma, na swali hilo likakunyima usingizi. Aliinuka akajikung'uta, akauliza, "Sasa Mwalimu, mnyama huyu alilalaje?"

Mifupa ya kweli ya kulinganisha tuliipata kwa mama yake Deusi. Viwanda vya minofu vilikuwa vimechipua mjini, sangara anakatwa minofu inapanda ndege, sisi tunabaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa yenye nyama ya kubanduabandua. Watu wa nje walikuwa wakitusikitikia. Sisi tulikula, kisha tukasoma. Niliagiza kila mwanafunzi akimaliza panki aichemshe mifupa, aianike juu ya bati, na kuifunga tena kwa uzi kuanzia kichwani hadi mkiani. Walizijua pingili za uti wa mgongo kwa vidole kabla ya kuzijua kwa macho, jinsi kila pingili ya samaki ilivyobonyea pande zote mbili kama vibakuli viwili vilivyopeana migongo. Chumba kilinuka. Mwalimu wa Kiingereza aliacha kupita upande ule, na nilihesabu hilo kuwa faida.

Sasa nije kwenye yale majivu, maana ndiyo yaliyotuletea balaa. Ijumaa moja tulichora mnyama mzima uani, kuanzia shingo hadi mkia, tukaondoka bila kufuta. Jumapili watu wanaotoka kanisani wakapita njia ya mkato katikati ya shule na kukuta ua mzima umelaliwa na dude la majivu, na sanamu za watu zimechorwa ubavuni kwa kulinganisha. Fikirieni wenyewe. Kufika Jumatatu ilishasemwa kwamba shule yetu inafanya mambo, na kwamba wale watu wa majivu wana majina. Mama mmoja alimwachisha bintiye shule kwa siku tatu mpaka nilipokwenda nyumbani kwake na pingili mfukoni kumweleza.

Mwenyekiti wa bodi ya wazazi, Mzee Masanja, alikuwa mnunuzi wa pamba, mmoja wa wale waliochangamka biashara hiyo ilipoachiwa watu binafsi. Hakuwa mtu wa kuamini uchawi. Alikuwa mtu wa kuamini fremu ya duka, na bohari yetu ilikuwa imeelekeana na barabara. Alisimama kwenye kikao akiwa ameshika kofia.

"Mwalimu Nyanjura, mjukuu wangu ananiambia amefika Lindi. Ada nalipa mimi. Sikumbuki kutoa nauli."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, kwa sababu ilichekesha. Kisha akasema kicheko kikiwa bado hakijaisha, "Ninachosema mimi ni hiki. Picha si jiwe. Watoto hawa hawajashika hata kimoja cha hivyo vitu. Chumba kile tukipangishe, kiwe duka la vifaa vya shule, tupate chochote. Picha wataangalia kwenye mabanda ya video, ziko nyingi."

Nilihisi damu imenipanda kichwani. Nikasimama nikasema kwamba wanafunzi wangu wakiletewa visukuku vya kweli watavisoma mbele ya wazazi wote, na wasipoweza, nitakabidhi ufunguo mwenyewe. Nilipokaa ndipo nilipojiuliza visukuku hivyo vitatoka wapi. Mdomo wangu una tabia ya kutangulia miguu.

Mkuu wa shule ndiye aliyeniokoa, au alidhani ananiokoa. Kanisani kwake alikuwa anasali kijana mmoja mjiolojia, ndugu Kweka, aliyekuja na watafuta dhahabu walioanza kumiminika kanda ya ziwa, na kabla ya hapo alifanya kazi pwani ya kusini. Alikuwa na sanduku la mawe aliyoyaokota huko. Alikubali kuja, kwa sharti moja: mimi nisitoe neno, na yeye asitoe neno, mpaka watoto wamalize.

Siku hiyo wazazi walikuja wengi kuliko siku ya kutangaza matokeo. Meza iliwekwa katikati ya uwanja, saa sita mchana, jua limesimama utosini. Kweka akafungua sanduku na kuyapanga mawe juu ya kitambaa. Niliyatazama kwa mbali na roho yangu ikashuka. Yalikuwa madogo, ya kijivu, yamechakaa. Pale ukutani kila kitu kilikuwa kinang'aa na kila alama ilijitokeza, hapa kulikuwa na vipande ambavyo mtu angeweza kuvitupia mbwa. Wanafunzi wakaviinua, wakavigeuza, wakavirudisha. Wakatazamana. Deusi alikuwa anatokwa jasho puani. Nyuma yangu nilisikia mzazi mmoja akinong'ona, "Si niliwaambia." Mzee Masanja hakunong'ona chochote, alikuwa anakitazama chumba changu kama mtu anayepima mahali pa kuweka rafu.

Sijawahi kuwa na uchungu kama ule. Nilikuwa najua kosa liko wapi na nimekatazwa kusema. Nilijishika mikono nyuma nikaziuma kauli zangu moja moja.

Kabula akarudisha jiwe alilokuwa nalo mezani. Lilikuwa bamba bapa, halina kitu, kama kipande cha kigae. Akamgeukia mwenyekiti, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Tunaomba tuyaingize ndani."

"Ndani kwenye giza lile?" Mzee Masanja akaangalia huku na huku kuhakikisha wote wamesikia. "Hapa kweupe mmeshindwa, gizani mtaona nini?"

"Hapa mwanga unatoka juu kichwani, Mzee. Hauachi kivuli. Alama hizi ni za kivuli. Tukiupata mwanga wa ubavuni zitatokea."

Mzee Masanja akamtazama Kweka. Kweka akaangalia viatu vyake, kwa kuwa aliahidi kutosema, lakini niliona bega lake likicheza. Basi wakabeba kitambaa na mawe yake, watu wakafuata, wakajaza bohari na waliobaki wakajipanga mlangoni hadi wakaambiwa wasogee wasizibe kioo. Deusi alikuwa ameshakimbilia uani kugeuza kioo. Mlango ukarudishwa, giza likaingia. Ule mwale wa jua ukaingia kupitia tundu, mweupe, umejaa vumbi, na Kabula akaliinua lile bamba polepole hadi mwanga ukalipita kwa ubavu, ukigusa uso wa jiwe kidogo tu.

Gamba likajitokeza. Mzunguko ndani ya mzunguko, na mbavu zake zote zimepangika, kila ubavu na kivuli chake. Chumba kizima kikavuta pumzi. Mama mmoja mbele akasema, "Yesu wangu!" na kuweka mkono kifuani.

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuwazuia. Walipokezana mwangani kama watu wanaopokezana mpini wa jembe. Hili ni kombe, Mzee, tazama mistari ya kukua, alikuwa akiongeza ukingo mmoja kila msimu. Hili ni tumbawe, hivi vitundu ni vyumba vya wadudu wadogo waliokaa jirani bila kugombana. Likafika jiwe la mviringo mfano wa yai, zuri kuliko yote, na wazazi wakaanza kuambiana ni yai la mjusi. Wanafunzi waliligeuza pande zote, wakashauriana. Yule mjukuu wa Mzee Masanja ndiye aliyesema, "Hili ni jiwe tu. Halina alama inayojirudia upande wa pili. Kiumbe ana mpangilio, hili halina." Nikaona Kweka anafumba macho kwa raha. Alikuwa amelitia humo kwa makusudi.

Lililobaki lilikuwa dogo kama kifuniko cha soda, jeusi. Walikuwa hawajalielewa. Deusi, ambaye alishampa mwenzake zamu ya kioo, akalichukua bila kulipeleka mwangani. Alilizungusha kati ya kidole gumba na cha shahada, upande huu, upande huu, na uso wake ukafunguka.

"Panki!" akapiga kelele. "Jamani, hili ni panki!"

Kicheko kilichotoka humo ndani nadhani kilisikika hadi barabara ya Musoma. Lakini Deusi hakucheka. Alilipeleka kwa mama yake aliyekuwa amebanwa ukutani, akamwekea kiganjani. "Shika, mama. Bonyeza hapa na hapa. Siyo pingili hii?" Mama yake, mtu aliyekata vichwa vya sangara kila siku ya Mungu, alilibonyeza, akalibonyeza tena, akasema, "Ni ya samaki. Lakini huyu hatukumla sisi."

Kweka hakuweza kuvumilia tena. "Nimemaliza, Mwenyekiti," akasema. "Niliyoyaleta wameyajua, na lile nililolitia kuwategea wamelijua pia. Hili dogo ni pingili ya samaki wa bahari ya zamani sana. Mimi sina swali jingine."

Watu wakamgeukia Mzee Masanja. Alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele, kofia mapajani, bamba lile lenye gamba liko mikononi mwake, na alikuwa analiinamisha mwangani na kulitoa, analiinamisha na kulitoa. Gamba linakuja, linaondoka.  Mwishowe akaliweka chini taratibu.

"Duka tutafute mahali pengine," akasema. "Chumba hiki kibaki hivihivi na giza lake. Mwandike kwenye kumbukumbu za kikao."

Sikumbuki nani alianza kupiga vigelegele. Nakumbuka Mzee Magesa ananishika mkono na kuutikisa mpaka unauma, na mke wake, ambaye sikujua kama amekuja, anasema kwa sauti kwamba kile kioo ni cha kwake na watu wakijue. Nilifurahi, walimu wenzangu. Nilifurahi bila haya, kama mtu aliyeshinda uchaguzi, na hata leo nikikumbuka mgongo wangu unanyooka wenyewe.

Watu hawakutaka kutoka. Mzee Masanja alijisogeza kwenye benchi akaweka nafasi kwa mama mmoja, akasema, "Sasa si mtupeleke na sisi? Au safari ni za vijana tu?" Wakajipanga wakabanana, wengine wakakaa sakafuni na watoto mapajani. Nikasogea kwenye projekta na kunyoosha mkono nichukue slaidi ya kwanza, kama nilivyofanya kila safari.

Kabula alikuwa ameshaishika, pembeni kabisa ya fremu. "Mwalimu, wewe kaa," akaniambia. "Leo tunawapeleka sisi."

Nikatafuta mahali, nikapata kipembe cha benchi la nyuma kati ya akina mama wawili nisiowajua. Mmoja akanisogezea nafasi na kuniuliza kama nilishawahi kufika huko. Nikamwambia bado, ndiyo kwanza naenda.